Uzi: Maharage yanayogoma kuiva, lawama zianzie ghalani kabla ya kumfikia mpishi

Ghala la Mjomba

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi nanunua maharage nyanda za juu kusini nayashusha Dar, jumla na rejareja. Kabla ya magunia nilisoma kemia, na hiyo ndiyo inayonifanya nishindwe kunyamaza mteja anaporudi na lile lalamiko la kila siku: "Mjomba, yamechemka tangu asubuhi, mkaa umeisha, bado yanagonga sufuria." Huko nyumbani kesi imeshasikilizwa. Dada hakuloweka, mkaa ulikuwa mbichi, kuna mtu katia chumvi mapema, kuna mtu kaongeza maji baridi.

Msimamo wangu ni huu: maharage yanayogoma kuiva mara nyingi yameharibikia ghalani, miezi mingi kabla hayajaona moto. Mpishi anabambikiwa kesi.

Punje ya haragwe ni mkusanyiko wa seli ndogo ndogo zilizojaa wanga na protini, na baina ya seli na seli kuna gundi inaitwa pektini. Chukulia ukuta: seli ndiyo matofali, pektini ndiyo udongo uliojengea. Tunaposema haragwe limeiva, kikubwa kilichotokea ni kwamba udongo ule umeyeyuka kwenye maji ya moto, matofali yameachiana, ukibonyeza kwa vidole viwili punje inasagika bila kubishana. Wanga nao unavimba na kulainika, ila wanga hausumbui sana. Msumbufu ni pektini.

Pektini inapenda kushikana na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu ikijipenyeza katikati ya nyuzi mbili za pektini inazifunga pamoja, na pektini iliyofungwa haiyeyuki kirahisi. Haragwe jipya linayo madini hayo, lakini yanashikiliwa na kitu kingine, fitati, ambayo ni akiba ya fosforasi ambayo mmea umeuwekea mche utakaoota.

Sasa gunia hilo liweke kwenye stoo ya bati isiyopitisha hewa, joto nyuzi 30 na zaidi, na unyevu wetu huu wa pwani. Ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachoanza kuibomoa fitati taratibu. Madini yanaachiwa, yanahamia kwenye pektini, yanaifunga. Wakati huo huo kemikali za jamii ya fenoli, ambazo zinahusika na rangi ya ganda, zinaungana na kuta za seli na kuzikomaza. Ukipita haraka huoni kitu. Unapima kilo zako, unalipa, unaondoka. Habari unaipata jikoni.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, asubuhi mwaga maji uyatazame vizuri. Punje nyingi zitakuwa zimevimba, zimekuwa ndefu, ganda limetanuka bila mikunjo. Ukikuta nyingine ziko vile vile, ndogo, ngumu, zinateleza, hizo ganda lake limegoma kupitisha maji kabisa. Huo ni ugonjwa wa kwanza, na unapendelea maharage yaliyokaushwa kupita kiasi. Ugonjwa wa pili ni huu niliouelezea: punje imevimba vizuri, imekunywa maji yake, lakini ukiichemsha haisagiki. Watu wanachanganya haya mawili ndiyo maana dawa zao zinashindwa. Wa kwanza unaweza kuusaidia kwa kuloweka muda mrefu zaidi au kwa maji ya moto. Wa pili hata uloweke siku mbili, utaishia kupata maharage yaliyochacha.

Karibuni, mnipinge.

Kiazi Kikuu

Mjomba umekuja kujitetea kibiashara. Yaani nikirudisha kilo zangu tano unanipa pektini badala ya hela?

Ghala la Mjomba

Hela unapewa. Pektini ni nyongeza, haiuzwi.

Mwalimu wa Makete

Mkuu, uzi mzuri, ila umeruka kitu ambacho sisi wa huku juu tunakiishi. Nilihamishwa kutoka Tanga kuja huku, mke wangu alidhani jiko limeharibika. Maharage yale yale aliyokuwa anayapika Tanga kwa kibaba cha mkaa, huku yanakula mara mbili. Maji yanatokota vizuri, mapovu kibao, lakini chakula hakiivi. Wenyeji wao wanaanza kuinjika asubuhi ili wale mchana, na hawaoni ajabu. Hapo ghala linahusikaje? Maharage ya huku yanatoka shambani moja kwa moja.

Ghala la Mjomba

Mwalimu, hapo ghala halina kosa, hilo nakupa. Hapo mwenye kesi ni hewa.

Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Yanachemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyo juu yake. Ukiwa usawa wa bahari, hewa ni nzito, unahitaji nyuzi 100. Ukipanda, hewa inapungua uzito, maji yanatokota mapema. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Tanga na Dar ni 100. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushei, ni kama 96. Arusha 95. Nairobi na Mbeya mjini ni kama 94. Njombe na huko kwako mnacheza kwenye 93, na vijiji vya juu zaidi hata chini ya hapo. Kileleni Uhuru, mita 5,895, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hili vizuri kuliko mimi.

Sasa wengi wanapojikwaa ni hapa. Mapovu si joto. Maji yakishaanza kutokota, hata uongeze mkaa gunia zima, hayapandi hata nyuzi moja juu ya kiwango chake. Moto wote wa ziada unageuka mvuke unaotoka dirishani. Kwa hiyo mke wako akiona sufuria inarukaruka Makete, ndani yake mna nyuzi 93 tu, haijalishi inaruka vipi. Na kwa kanuni ya jumla ya kemia, ukipunguza nyuzi kumi, kazi ya namna hii inakwenda kwa takriban nusu ya kasi. Kwa nyuzi saba mnazozikosa, muda unaongezeka zaidi ya nusu. Maharage ya saa mbili Tanga yanadai saa tatu na zaidi huko. Ongeza na baridi ya kuanzia na upepo unaopuliza jiko, unaiona hiyo mara mbili yako.

Mwalimu wa Makete

Nimekuelewa. Nitalipeleka darasani hili la mapovu, maana kitabu kinasema tu "maji huchemka nyuzi 100" na mtoto anaandika hivyo hivyo kwenye mtihani.

Mama Lishe Tandika

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi napika sufuria kubwa kila siku, na nyie mnaongea kemia wakati jibu liko sokoni linauzwa kwa kijiko: MAGADI. Unatia kidogo yakianza kuchemka, baada ya muda mfupi unageuza kwa mwiko yanapasuka yenyewe. Wateja wangu hawalalamiki. Swali langu mjomba, kitu gani hasa kinafanyika humo ndani? Na kuna mteja mmoja aliniambia magadi ni sumu, nikamwambia bibi yangu kala magadi mpaka kazikwa na meno yake.

Ghala la Mjomba

Marahaba mama, hapo umegusa penyewe.

Magadi ni chumvi za kabonati ya sodiamu. Kwetu yanatoka Ziwa Natron, na majirani zetu wanayo ya Ziwa Magadi, ambako kiwanda kimeyachimba tangu zama za mkoloni. Ukiyatia kwenye maji yanafanya mambo matatu kwa pamoja. Kwanza yanayafanya maji yapoteze uchachu na kuelekea upande wa pili, upande wa sabuni na majivu, na pektini ikiwa kwenye maji ya namna hiyo minyororo yake inakatika haraka. Pili, sodiamu inaingia na kuing'oa ile kalsiamu iliyofunga pektini, inakaa mahali pake, na sodiamu haina uwezo wa kufunga nyuzi mbili. Tatu, kabonati inaidaka kalsiamu iliyong'oka na ile iliyokuwa kwenye maji, inaigeuza chokaa ya unga isiyo na madhara kwa mapishi. Kwa hiyo ni dawa ya kweli ya ugonjwa wa pili, siyo imani.

Gharama zake zipo. Vitamini B1 haiwezi kabisa mazingira ya magadi na moto, inaharibika, na maharage ni moja ya vyakula ambavyo mtu wa kawaida anategemea kwa vitamini hiyo. Ukizidisha, ladha inakuwa ya sabuni na ganda linamenyeka lote, unapata uji. Mimi nyumbani kwa nusu kilo sipitishi robo ya kijiko cha chai, na nayatia kwenye yale tu yaliyogoma. Kuyatia kwenye maharage mapya ya msimu ni kuharibu chakula kizuri bila sababu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naongezea kwa mama Tandika, kwa heshima. Sumu ni neno kubwa, lakini magadi ya maziwani yanakuja na floraidi. Kanda ya kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, tayari maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi, na magadi yanaongeza juu yake. Yale meno ya kahawia yenye madoadoa mnayoyaona kwa watu wa huko yanatengenezwa utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Mtu mzima meno yake yameshakamilika, ndiyo maana bibi yako kazikwa nayo safi. Tatizo ni mtoto wa miaka miwili mitatu anayelishwa maharage ya magadi kila siku. Wateja wako ni madereva wa bodaboda, wapikie. Mtoto mtengee.

Na kwa kuwa tuko humu, kuna wapishi wanatia vidonge vya maumivu, vile vya parasetamo, ili maharage na nyama viive haraka. Nimeulizwa hili na watu wazima wenye akili zao. Jamani! Ile ni dawa yenye kipimo, ikizidi inaua ini, na ini halijali kama imeingia kwa maji ya kunywa au kwa mchuzi wa maharage. Mteja ameshameza vidonge vyake asubuhi kwa ajili ya kichwa, mchana anaongezewa vingine kwenye sahani bila kujua.

Mama Lishe Tandika

Hao wapo, tunawajua, na sisi wengine tunachafuliwa jina kwa ajili yao. Ahsante nesi. Mjukuu wangu nitakuwa nampikia pembeni.

Mluhya wa Mtwapa

Hamjambo majirani. Huku kwetu upande wa Kakamega maharagwe hayapikwi kwa magadi ya duka. Nyanya, yaani bibi yangu, anachoma maganda makavu ya maharagwe yenyewe mpaka yawe majivu, anayaweka kwenye chombo kilichotobolewa chini, anamimina maji, yanayodondoka ndiyo musherekha. Kijiko kidogo kwenye githeri (makande yenu) au kwenye mboga kama mrenda na mambo yanaenda. Ndugu Mjomba, hiyo ni kemia moja au mbili?

Ghala la Mjomba

Ni moja, ndugu yangu. Majivu ya mimea yana kabonati ya potasiamu, binamu wa ile ya sodiamu. Kazi ile ile ya kukata pektini. Napenda hapo kwamba haragwe linaivishwa kwa maganda ya ndugu zake. Tahadhari ni ile ile ya kutozidisha, na vitamini B1 haichagui majivu wala magadi, vyote vinaiondoa.

Fundi Bomba

Na maji je? Nimefanya kazi Dodoma na Singida vijijini. Kuna visima sabuni haitoi povu hata ukisugua mpaka kipande kiishe, na birika baada ya muda ndani limejaa ukoko mweupe. Akina mama wa huko wanakwambia wazi: maji ya kisima hiki ni ya kufulia tu, maharage wanakwenda kuchota kwingine au wanakinga ya mvua.

Ghala la Mjomba

Hao akina mama wako sahihi kabisa. Ukoko ule mweupe kwenye birika ni kalsiamu ile ile tunayoizungumzia, na sabuni haitoi povu kwa sababu ya kalsiamu na magnesiamu hizo hizo. Ukilipika haragwe kwenye maji hayo unalipelekea kamba zaidi za kufungia pektini. Hata haragwe jipya linakuwa gumu. Maji ya mvua hayana madini hayo. Mtu asiye na tanki la mvua, kuyachemsha maji ya kisima kwanza, yakapoa, yakatuama na kuchujwa kunapunguza sehemu ya kalsiamu, ile inayobaki kwenye birika. Si yote.

Binti wa Pangani

Mimi nina ugomvi na hii ya chumvi. Nyumbani kwetu chumvi ni mwisho, tena ukiwahi kuitia unaambiwa umeua chungu. Sasa juzi nimemwona shemeji yangu analowekea maharage kwenye maji ya chumvi, nikabaki mdomo wazi. Yameiva laini, ganda halijapasuka hata moja. Naomba ufafanuzi kabla sijaomba radhi.

Ghala la Mjomba

Shemeji yako mwombe radhi.

Chumvi ya jikoni ni sodiamu, na sodiamu ndiyo ile inayoing'oa kalsiamu. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya kulowekea, usiku kucha, asubuhi unamwaga na kusuuza. Ganda linalainika, linatanuka vizuri, ndiyo maana hayapasuki. Imani ya kwamba chumvi inazuia kuiva imeenea dunia nzima, siyo Pangani tu, na nadhani imetokana na kuihusisha chumvi na vitu vinavyoingia nayo pamoja kwenye sufuria.

Anayezuia kweli ni uchachu. Nyanya, ndimu, ukwaju, embe bichi. Pektini kwenye maji yenye uchachu kidogo inatulia, inakuwa imara, haitaki kukatika. Mtu anatia nyanya na chumvi kwa pamoja, maharage yanagoma, lawama anapewa chumvi. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani kwenu isogezeni kidogo tu: nyanya na ukwaju ndio wa mwisho, baada ya kubonyeza punje na kuhakikisha imeiva. Na nazi tia baadaye kwa sababu zake nyingine ambazo mtu wa Pangani hahitaji kufundishwa na mtu wa bara.

Kuhusu maji baridi niliyoyataja mwanzo: hayakazi haragwe. Yanashusha joto la sufuria tu, unasubiri tena lipande. Ongeza ya moto, basi.

Mbana Matumizi

Mkuu, twende kwenye hela. Mkaa na gesi vimepanda kila mahali. Kati ya kuloweka, kufunika na kupunguza moto, kipi kinaokoa zaidi?

Ghala la Mjomba

Vyote, ila kuna kimoja watu hawakipi uzito wake.

Kuchukua lita moja ya maji ya bombani kutoka nyuzi 20 mpaka 100 kunahitaji kama kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyo hiyo, ambayo imeshafika 100, iwe mvuke kunahitaji kama kilojuli 2,260. Karibu mara saba! Maana yake sufuria iliyoachwa wazi ikitokota kwa fujo, kila lita inayopotea umeilipia moto ambao ungechemsha lita karibu saba za maji mapya. Na tumeshakubaliana na Mwalimu kwamba fujo hiyo haiongezi joto hata kidogo. Yakichemka, punguza moto mpaka uone povu dogo moja moja pembeni, funika, weka kitu kizito juu ya mfuniko. Haragwe halijui tofauti.

Kuloweka kunakuja baadaye. Punje ikiwa imeshajaa maji, joto linafika katikati haraka na hulipii muda wa kulinywesha. Ila Dar msiloweke kuanzia mchana mpaka kesho yake, kwa joto letu yanaanza kutoa povu na harufu. Usiku mmoja unatosha.

Wenye kikapu cha kuhifadhi moto, kile kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu, mnaweza kuchemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu kwanza kisha mkayafunika humo yamalizie yenyewe. Nesi atakuja na angalizo lake hapa, namsubiri.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimekuja. Maharage mabichi, hasa mekundu yale makubwa, yana protini ya jamii ya lektini ambayo ni sumu kweli. Punje nne tano mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike vibaya ndani ya saa chache. Kutokota kwa nguvu kunaiharibu. Dakika kumi za kutokota kweli kweli ndiyo kima cha chini, na nusu saa ndiyo salama zaidi. Hatari ni moto wa vuguvugu. Maharage yaliyokaa kwenye nyuzi 75 au 80 kwa saa nyingi yanaweza kuwa na sumu kali zaidi kuliko mabichi yenyewe. Kwa hiyo kikapu sawa, lakini baada ya nusu saa ya kutokota kwanza, siyo badala yake. Na maji ya kulowekea yamwageni, msipikie.

Kiazi Kikuu

Sasa nimeogopa. Nilikuwa nacheka tu humu. Hebu niambieni basi na lile suala jingine, maana nalala chumba kimoja na kaka yangu na wiki ya maharage huwa hatuelewani.

Ghala la Mjomba

Hiyo ni rafinosi na stakiosi, sukari zenye minyororo ambayo tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuikata. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanazipokea kwa shangwe, wanatoa haidrojeni na kabonidaioksaidi, na kwa baadhi ya watu na methani. Zinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuloweka na kumwaga kunapunguza kiasi fulani. Kaka yako akila maharage mara kwa mara mwili unazoea. Akila mara moja kwa mwezi, hamia sebuleni.

Mwalimu wa Makete

Nimepata wazo. Presha kuka si ndiyo jawabu letu sisi wa juu?

Ghala la Mjomba

Ndiyo, Mwalimu, na ni kitu cha zamani kuliko watu wanavyodhani. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alitengeneza cha kwanza mwaka 1679. Kanuni yake ni kinyume cha mlima wako: unafunga mvuke, mgandamizo unapanda, maji yanakataa kuchemka mpaka nyuzi 120 hivi kwa usawa wa bahari. Nyuzi ishirini zaidi, kasi karibu mara nne. Huko kwako haitafika 120 kwa kuwa inaanzia kwenye hewa nyepesi, utapata kama 116. Lakini kutoka 93 kwenda 116 ni ukombozi.

Msijaze maharage kupita nusu ya chombo. Yanatoa povu na maganda yanaruka, yakiziba kile kitundu cha kutolea mvuke mna tatizo kubwa jikoni. Na msilazimishe mfuniko kabla presha haijashuka yenyewe.

Mkulima Kigoma

Mjomba nimesoma yote. Mimi ndiye ninayevuna, na nyie wa Dar ndio mnaoniambia maharage yangu mabaya. Niambie nifanye nini ghalani maana ndipo ulipoanzia halafu umepatelekeza.

Ghala la Mjomba

Haki yako kabisa.

Maadui ni wawili, joto na unyevu, na wakikutana ndipo kazi inapokwenda kasi. Kausha mpaka unyevu wa punje uwe kama asilimia 13. Mkulima asiye na kipimo ang'ate: punje iliyokauka inavunjika kwa mlio, isiyokauka meno yanazama. Usikaushe kwa kupitiliza juani siku nyingi kwenye turubai jeusi, ndiko yanakotoka yale ya ugonjwa wa kwanza yasiyonywa maji. Kisha magunia yasikae kwenye sakafu, weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na ghala la bati litafutie kivuli au dari. Mwinuko wako unakusaidia, baridi ya usiku ni rafiki. Gunia lililokaa mwaka mzima mahali pa baridi na pakavu linaweza kuiva vizuri kuliko lililokaa miezi michache kwenye stoo za huku kwetu. Ndiyo maana siku hizi nashusha kidogo kidogo, sijazi stoo ya Dar.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu, inaua bungua kwa kuwakosesha oksijeni, na inazuia unyevu wa nje usiingie. Joto haizuii. Mfuko mzuri kwenye stoo ya moto bado ni stoo ya moto.

Na mbegu zinatofautiana. Watafiti wa mazao, wale wa kituo cha Uyole pale Mbeya wakiwemo, muda wa kuiva ni moja ya vitu wanavyovitazama wanapochagua mbegu. Maabara hutumia kifaa cha Mattson: sinia lenye vitundu 25, kila kitundu kina punje moja na juu yake kijiti cha chuma chenye uzito kimesimama kwenye punje. Chombo kizima kinatumbukizwa kwenye maji yanayotokota. Punje ikiiva, kijiti kinazama, unaandika dakika. Kijiti kingine kinazama mapema, kingine kinabaki kimesimama peke yake mpaka unachoka kumsubiri. Mbegu moja, shamba moja, na bado hazifanani. Tofauti kati ya mbegu na mbegu inaweza kufika mara mbili na zaidi.

Mama Lishe Tandika

Mjomba mimi nabaki na la mwisho. Nikifika sokoni, magunia yamepangwa, kila muuzaji anasema ya msimu huu. Nitajuaje bila kuloweka?

Ghala la Mjomba

Tazama rangi mama. Haragwe linavyozeeka linafifia mng'ao na kuelekea kahawia. Kwenye ya njano na yale yenye ganda jeupe unaona upesi, kwenye mekundu yaliyokoza ni kazi zaidi. Chota kutoka katikati ya gunia, siyo juu, juu tunawekaga mazuri (najua wenzangu watanichukia). Tafuta matundu ya bungua na vumbi jeupe chini. Kisha usinunue gunia siku hiyo. Nunua kilo moja, kapike, ukiridhika rudi kwa muuzaji yule yule, gunia lile lile. Muuzaji atakayekataa kukuwekea alama kwenye gunia mpaka kesho, mpite.

Mama Lishe Tandika

Hilo la alama naanza nalo Jumatatu. Na hili gunia nusu nililonalo, lililogoma?

Ghala la Mjomba

Loweka kwenye maji ya chumvi usiku, mwaga, suuza, tia magadi kidogo, presha kuka kama unayo, na uyatumie kwenye mchuzi wa kuponda, siyo kwenye makande ambako kila punje inaonekana. Mtoto usimpe. Likiisha, njoo PM uniambie ulinunua lini na lilikaa wapi.